Bwana Miti Hatafuti Dhahabu

Tinde ni mahali ambapo Watanzania wengi wamepita bila kushuka kwenye gari. Ukitoka Nzega, barabara inagawanyika pale: mkono wa kulia unakupeleka Shinyanga na Mwanza, wa kushoto Isaka, Kahama na hadi mpaka wa Rwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa shule ya msingi, zilikuwa njia za vumbi. Mabasi yalisimama injini zipoe, abiria wakanunua karanga na miwa dirishani, safari ikaendelea. Hakuna aliyeuliza nyuma ya yale maduka kuna nini.

Kulikuwa na vilima vya mawe, mbuga na ngitili. Sisi tuliokulia pale tulivijua kwa nyayo zetu, lakini tulivijua kwa shughuli zake: pa kuchungia, pa kuokotea kuni, pa kumtafutia ndama aliyepotea. Kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kufunga safari akaenda kuvitazama tu, akarudi mikono mitupu na bado akawa amefurahi, hilo tuliletewa na Bwana Miti.

Kwetu kila afisa misitu huitwa Bwana Miti. Huyu alikuwa Mnorwei, mrefu, wa makamo, mwenye Kiswahili cha darasani, aliyekuja kwa ajili ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Serikali iliuanzisha mradi huo mwaka 1986, na Norwei ikausaidia kwa fedha. Sababu yake aliiona yeyote aliyepita kwetu mwezi wa Septemba: miti ilikuwa imekwisha. Tangu miaka ya 1920 watu walitolewa kwa maelfu kufyeka pori ili mbung'o akose pa kuishi, na idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Swynnerton ilikuwa na makao yake Shinyanga ya Zamani. Baada ya shoka likaja jembe la pamba, ng'ombe wakaongezeka, na kilichobaki kikaishia jikoni. Mwalimu Nyerere alipoiona hali hiyo miaka ya 1980, aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wafyekaji enzi za ujana wake. Alizoea kusema kwamba walimfukuza mbung'o vizuri sana, na mbung'o akaondoka na mvua yake.

Baba alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche, ndiyo maana Bwana Miti akawa mtu wa nyumbani. Siku za kazi alihesabu miche na kukaa vikaoni chini ya mkwaju. Jumapili alivaa viatu vizito, akatia chupa ya maji kwenye begi, akaelekea vilimani peke yake.

Hapo maneno yakaanza. Katika mkoa ule, mtu anayezungukia mawe na begi mgongoni anajulikana anatafuta nini. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi pale Mwadui baada ya kuzunguka hivyohivyo, na karibu kila ukoo ulikuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi katika mgodi ule. Upande wa Geita na Kahama, dhahabu ilikuwa ikiita vijana kila rashi mpya iliposikika. Baba yangu mdogo alikuwa Nyarugusu akishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na barua zake zilikuja na ahadi nyingi kuliko pesa. Waliobaki waliamini kwamba Mjerumani, alipokimbia mwaka 1916, alizika hela zake chini ya mwamba fulani na kuwaachia wajukuu ramani. Basi kijiji kikagawanyika makundi matatu: wa almasi, wa dhahabu, na wa hela ya Mjerumani. Kundi la wanaoamini kwamba mgeni anatazama mandhari halikuwa na mwanachama.

Mwenyekiti wa kijiji alipomjia babu na swali hilo, babu akaona heri amuulize mwenyewe. Walikaa uani, babu kwenye kigoda chake, Bwana Miti amekunja miguu mirefu kwenye kiti cha watoto.

"Unatafuta nini kule juu?"

"Sitafuti kitu, babu. Natembea tu. Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Mawe. Ndege. Kwetu Jumapili watu wengi wanatembea."

Babu alinyamaza kidogo. "Asiye na anachokitafuta hukaa kwake," akasema. "Basi utatembea na hawa wajukuu zangu. Nikiulizwa, nitakuwa na la kujibu."

Hivyo mimi na binamu yangu tukawa wapelelezi, bila mshahara.

Kilima cha kwanza kilikuwa cha jirani tu. Unakata mashamba ya mtama, unapita ua wa minyaa, unavuka majaruba ya mpunga, umefika. Ni mawe ya graniti makubwa kupita nyumba, moja limelikalia jingine kwa ncha kana kwamba halina mpango wa kukaa sana. Lakini yamekaa. Bwana Miti alituambia kwamba mwamba ule una umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na kwamba jua, mvua na mizizi ndivyo vilivyoupasua na kuuviringisha. Tulikwea kwa kufuata ufa, tukishika mizizi ya mkuyu.

Sisi tulizoea kupanda mbio. Yeye alipanda polepole na kusimama kila mara. Alisimama penye michirizi myeupe iliyoshuka kutoka kwenye nyufa, tukamweleza kuwa ni mkojo wa pimbi, ambao baba, mwana na mjukuu hukojoa palepale. Alisimama juu ya mwamba tambarare wenye mashimo ya bao yaliyochongwa na wachungaji wa zamani, akacheza na binamu yangu kwa kokoto, akafungwa, akadai mchezo wa pili, akafungwa tena.

Kisha akapiga magoti. Juu ya jiwe kulikuwa na yale mabaka yanayoota kwenye mwamba, mengine ya kijivu, mengine ya rangi ya chungwa, makavu kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa ukucha yanatoa unga. Tulikuwa tukiyakanyaga tangu tulipojua kutembea. Akafungua chupa na kudondoshea maji kidogo baka moja la kijivu. Tukainama wote watatu. Ukijivu ule ukalegea, ukaanza kuingia kijani kutoka pembeni kuja katikati, na kabla hatujasimama baka zima lilikuwa limebadilika rangi.

"Ni hai," akasema. "Amelala, anasubiri mvua. Huyu anaweza kuwa mkubwa kwa babu yenu."

Ndipo akatueleza kuhusu kwao, Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, ndani ya Aktiki. Huko likeni, ndugu wa yale mabaka yetu, hufunika nchi hadi macho yanapoishia, na wakati wa baridi ndio tegemeo la reindia, mnyama mwenye mapembe ya matawi ambaye huparura theluji kwa kwato mpaka akifikie chakula chake. Wenye reindia ni Wasami. Majira yakigeuka wanahama nao kati ya bara na pwani, na kila mfugaji ana namna yake ya kukata masikio ya wanyama ili wasichanganyike na wa jirani.

Binamu yangu, aliyekuwa amechoka kusikiliza, akageuka. "Na wakiibiwa?"

"Wanaibiwa, ndiyo. Na wanagombana sana."

Shuleni tulikuwa tumechorewa tundra ubaoni: hakuna miti, baridi kali, watu wachache. Tulinakili, tukakariri, tukapata vema zetu. Siku ile tundra ikapata wafugaji wenye kesi za wizi wa mifugo, na kwa watoto wa Shinyanga hilo lilitosha kuifanya nchi ya kweli.

Nyuma ya kilima kulikuwa na pango ambalo wachungaji walijikinga na mvua, dari lake jeusi kwa moshi. Tulipokuwa humo tukitafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, binamu yangu alimuuliza waziwazi kuhusu ramani ya Mjerumani. Bwana Miti hakucheka. Alisema anawajua Wajerumani, ila kwao hawakuzika kitu. Mwishoni mwa mwaka 1944, jeshi lao liliporudi nyuma mbele ya Warusi, lilichoma Finnmark nyumba kwa nyumba, likaua mifugo, likakata nguzo za simu, na kuwahamisha watu kwa nguvu. Waliokataa walijificha mapangoni majira ya baridi yakiingia. Familia yake ilikuwa kati ya hao. Yeye alikuwa mtoto wa kubebwa. Vita vilipokwisha serikali iliwataka watu wasubiri kwanza mipango ikamilike, lakini wao walirudi kabla ya kuruhusiwa, wakaezeka mabanda kwa mbao za kuokota.

Nilipomsimulia babu jioni ile, alimwita baba na kumwambia neno moja: huyu mtu msimuulize tena anatafuta nini. Kuanzia hapo alikula nyumbani kila Jumapili.

Safari ya pili ilikuwa ndani ya ngitili ya babu mwenyewe, na mwongozaji alikuwa babu. Kwa asiyeijua, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, nyasi nyingine zote zikiwa zimekwisha. Kuna za familia na kuna za kijiji. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hupelekwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, akatozwa faini inayouma. Babu aliifufua yake baada ya HASHI kuhimiza, na ndani ya miaka michache visiki vya migunga vilivyoonekana vimekufa vilichipua, vikapita urefu wa mtu. Hakuna aliyevinywesha. Wakati huohuo miche mingi iliyogawiwa kutoka kitaluni ilikuwa ikikaukia mikononi mwa watu, na baba, aliyeishi kwa miche ile, hakupenda sana mjadala huo.

Bwana Miti ndiye aliyependa mjadala. Alisema nchi yake ina sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu mtu yeyote kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, hata iwe ya nani, na kupiga hema hadi siku mbili mradi awe umbali wa mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

"Bila kumuona mwenyewe?" babu akauliza.

"Bila kumuona."

"Wala kumsalimia?"

"Ukimkuta, unamsalimia."

Babu alitembea hatua nyingi bila kusema kitu. Hatimaye akatamka kwamba sheria hiyo ni nzuri kwa nchi yenye watu wachache waliolelewa vizuri, na kwamba yeye angependa kuona inavyofanya kazi mbuzi wakiwepo. Lakini naamini lilimwingia. Mwaka uliofuata aliacha kijia chembamba katikati ya ngitili, akakiwekea miiba kando ili mifugo isipite, na akawaruhusu kina mama wa jirani kukitumia kwenda kisimani.

Safari iliyokuwa ndefu kuliko zote ilituelekeza mbugani, upande wa mto Manonga. Ilikuwa kiangazi. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza mguu, na ng'ambo yake vimbunga vya vumbi vilisimama na kuanguka. Tulibeba matobolwa, karanga na vibuyu vya maji. Karibu na lambo lililokuwa limebakiza tope na bata wachache tukawasha moto, maana Bwana Miti alitaka kulala nje. Miaka hiyohiyo, katika Bonde la Manonga, watafiti waliokuwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York walikuwa wakichimbua mifupa ya viboko na jamaa za tembo walioishi pale mamilioni ya miaka iliyopita. Kitabu chao kilitoka mwaka 1997. Hao kweli walikuwa wanatafuta kitu. Sisi tulikuwa tumelala chali tukisimuliwa kuhusu Nordkapp, jabali la mita 307 linaloitazama bahari ya kaskazini, ambako jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, na watu hupanda milima saa sita za usiku wakiwa wamevaa miwani ya jua.

Sungusungu walitufikia tukiwa bado tunabishana kuhusu jua hilo. Walikuja bila sauti, na tulipogeuka tayari walikuwa wametuzunguka na pinde zao. Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na katika mbuga ile usiku hakukuwa na serikali nyingine.

"Mnatoka wapi, mnakwenda wapi, na nani kawaruhusu?"

Bwana Miti akajibu kwa ukweli ule ule uliokuwa umemponza kijijini: anatembea, anaangalia. Nikasikia mmoja wao akiguna. Binamu yangu akaokoa jahazi kwa kumtaja babu na kuueleza ukoo wetu, nani kamuoa nani na kwa ng'ombe wangapi, mpaka kamanda akapata mahali alipoguswa na undugu. Pinde zikashuka. Wakakaa, wakala matobolwa yetu karibu yote. Walipokuwa wanaondoka, kamanda alimvuta Bwana Miti kando na kumnong'oneza, nasi tukasikia: "Lakini kweli, ni almasi?"

Kitu kimoja alichokifanya Bwana Miti kilileta rabsha kubwa kuliko hiyo. Alituonyesha ramani ya nyanda za Finnmark, yenye njia za miguu zilizochorwa kwa wekundu na vibanda vya kulala wasafiri. Chama cha watembeaji cha Norwei, kilichoanzishwa mwaka 1868, hupaka herufi T nyekundu kwenye mawe ili mtu asipotee ukungu ukishuka, na mwanachama hupewa ufunguo unaofungua vibanda vingi vya chama. Anakula akiba iliyomo na kulipa mwenyewe bila kusimamiwa. Habari ya ufunguo hatukuiamini hata kidogo. Habari ya herufi T ilitupendeza. Tukaponda tofali la kuchoma, tukakoroga na maji, na tukapaka T kuanzia kwenye ua wa minyaa hadi kileleni. T ya Tinde, binamu yangu akasema, kwa hiyo hata Wanorwei wametuiga.

Kabla ya wiki kwisha, habari ilikuwa imefika hadi Usanda kwamba serikali imeweka alama na watu watahamishwa kupisha mgodi. Kikao kiliitishwa. Bwana Miti aliomba radhi, babu akasimama kutuombea, nasi tukapewa adhabu ya kwenda kusugua kila jiwe kwa majani. Tulianza kusugua kutoka juu. Tulipofika nusu, mvua ya kwanza ya Novemba ikatumalizia kazi.

Bwana Miti aliondoka mkataba wake ulipokwisha, na hakuwahi kuona mambo yalivyogeuka. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa, inayoitwa Equator. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio ya eneo la ngitili katika Shinyanga ya wakati ule, iliyokuwa kubwa kuliko ya leo, yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, wakati mwaka 1986 zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kwa upande mwingine wale wa kundi la dhahabu nao walipata haki yao. Mgodi wa Golden Pride ulifunguliwa Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, Bulyanhulu na Geita ikafuata, na vijana wa rika langu waliokuwa wanajua kila pango wakaenda kuishi chini ya ardhi. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Kilima chetu chenyewe kimepungua: kina mama na watoto wanakigonga kwa nyundo kupata kokoto za ujenzi, na mwamba wa bao umekwenda na kokoto hizo. Siwezi kuwalaumu. Ndoo ya kokoto ina bei inayojulikana, na mandhari hayajawahi kumlipia mtu ada ya shule pale Tinde.

Ila nimeishi kutosha kujua kwamba bei hupangwa na watu. Finnmark nayo ni mawe, likeni, upepo na wafugaji. Haina simba wala tembo, na kwa sehemu ya mwaka haina hata jua. Watu wanavuka dunia kwenda kuitembea kwa sababu wenyeji wake walikubaliana kuhusu njia, alama na adabu, kisha wakawaambia wengine. Sisi tulikuwa na dagashida na ngitili kabla ya mtu kutufundisha neno uhifadhi. Kilichokosekana ni mtu wa kwetu wa kusema kwamba kwenda kuangalia tu ni shughuli halali.

Basi naisema. Ukipita Tinde, shuka. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, ueleze unakokwenda na utarudi saa ngapi. Kilimani nenda asubuhi, kabla jiwe halijashika moto, na ubebe maji ya kunywa na mengine kidogo ya kumwagia mabaka. Mbugani nenda mvua za masika zikielekea kwisha, ndege wakiwa wengi na udongo umeanza kubeba mguu. Mvua ikiwa bado nzito, utaacha viatu humo. Ngitili usiingie bila mwenyewe. Mtafute kijana anayechunga akuongoze, na umlipe kama unavyomlipa mwongozaji wa Kilimanjaro, kwa kuwa anaijua nchi yake vilevile. Njiani utaulizwa unatafuta nini. Jibu ukweli, na wasipokuamini usikasirike. Karibisha matobolwa, endelea kupanda.